Mita Sabini Zilizopotea Lucky Summer

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Muthama Ndete amepiga goti kwenye vumbi la mtaa wa Lucky Summer, jicho moja amelifumba. Mbele yake kuna mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji. Anangoja maji yatulie katika ncha zote mbili, kisha anachora alama ya penseli kwenye jiwe la msingi.

"Maji hayana jamaa," anasema. "Yakikwambia hapa ni chini, basi ni chini."

Fundi huyu wa miaka 47 hupata kama shilingi 200 kwa siku, kazi ikiwepo. Kwa miaka kumi na mmoja aliwashikia wapimaji wa barabara fimbo ya vipimo, hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1992. Aliishia darasa la saba. Hesabu ya mteremko aliipata kwa kutega sikio.

"Unachukua kimo, unagawanya kwa umbali wa mlalo, unazidisha kwa mia," anaeleza. "Lakini utepe uvutwe hewani, unyooke. Ukiulaza juu ya udongo, kilima kitakudanganya."

Hesabu hiyo ndiyo iliyowaacha majirani zake vinywa wazi.

Jumanne moja ya Mei mwaka huu wa 1996, mvuta mkokoteni aitwaye Mativo alikuwa akiteremsha mitungi ishirini ya maji kwenye barabara mpya iendayo mtoni. Mkokoteni ulimshinda. Ulimburuta, ukamtupa mtaroni, ukaenda kumgonga Mirriam, muuza mboga, aliyekuwa akipanga sukuma wiki yake. Mirriam alivunjika miguu yote miwili.

Mativo alitiwa ndani. Mtaani ikasemwa alikuwa amelewa.

Muthama alikwenda kumwona kituoni. "Breki ilikamata, mzee," Mativo alimwambia, akimaanisha kile kipande cha tairi kuukuu kinachoburutwa nyuma ya mkokoteni. "Mpira ulitoa moshi. Lakini mkokoteni ulienda tu, kama kitu kimeangushwa."

Maneno hayo hayakumtoka Muthama kichwani. Barabara ilipofunguliwa, wajenzi waliwaambia wakazi kwamba mteremko wake ni asilimia nane. Muthama aliijua nane. Kwenye nane, mkokoteni wenye breki husimama.

Jumapili baada ya ibada alimchukua mkewe, Nthenya, wakaenda kukipima kilima, Nthenya akiwa bado na viatu vya kanisani. Walishuka kipande kwa kipande, huku kwa mpira wa maji, huku kwa utepe. Kimo, mita 12. Umbali wa mlalo, mita 80.

Muthama akagawanya. Kumi na tano kwa mia.

"Nilidhani nimekosea," anasema. "Tukarudia. Mara ya tatu nikampa Nthenya daftari, aandike yeye."

Kesho yake alibeba daftari hadi ofisi iliyosimamia ujenzi. Mhandisi kijana alimtandikia ramani mezani. Kimo kiliandikwa mita 12, sawa na chake. Umbali uliandikwa mita 150.

"Tulitazamana," Muthama anakumbuka. "Kilima ni kile kile. Mita sabini zimeenda wapi?"

Mhandisi aliufuata mstari kwa kidole. Kwenye ramani barabara haikushuka moja kwa moja. Ilikwenda kulia, ikazunguka kona pana, ndipo ikateremka taratibu. Muthama alipatambua mahali pa ile kona. Leo pana ukuta wa mawe na lango jekundu, kiwanja cha mtu ambaye hakuna mkazi aliyewahi kumwona. Kona ilikuwa imemegwa, na barabara ikashushwa wima kama ngazi.

Kijana yule aliketi polepole. "Mzee, nani mwingine anajua?"

"Mimi, mke wangu, na sasa wewe."

Muthama anasema alirudi nyumbani akiwa hajui kama amepata shahidi au adui. Siku mbili baadaye mhandisi alifika na chombo chake. Akapima, akafuta miwani, akapima tena. Kumi na tano. Aliyasema hayo mahakamani pia, na mwezi wa Julai Mativo akaachiliwa, baada ya wiki saba rumande.

Habari hiyo Muthama aliipeleka mwenyewe kwa Mirriam, wodini.

"Alinisikiliza mpaka mwisho," anasema. "Kisha akaniambia, 'Baba Mbinya, kila asubuhi nikiamka hapa nilikuwa namlaani yule kijana wa mkokoteni. Sikuwahi kukosa hata siku moja.' Akageukia ukutani."

Sasa Mirriam anatembea kwa magongo. Barabara bado iko vile vile. Wakazi 212 wametia sahihi barua ya kudai kona yao, na wapo waliomnong'oneza Muthama aachane na ukuta wa watu.

Hajaachana nao. Jumamosi hii, yeye na Mativo watapigilia vigingi vyeupe kufuata mstari wa ramani, ili kamati itakayokuja kukagua madai yao isipate kisingizio cha kutoiona kona.

"Tutavipanga mpaka pale ukuta unapoanza," anasema. "Halafu tutazunguka upande wa pili, tuendelee pale mstari unapotokea. Hapo katikati, kila mtu atajijazia kwa macho yake."