Siku Makochi Yalipotolewa Nje

Mwenzangu, mie hadi leo nikiona makochi yametolewa nje, nasimama kwanza. Hata kama ni nyumba ya watu, na wanapaka rangi tu, lazima niulize kuna nini.

Wa kulaumiwa ni sebule ya bibi, kule Temeke. Siku hizi sebule zetu zote nyeupe, kochi la kijivu na televisheni, basi. Ya bibi ilikuwa imejaa hadi ukutani. Kila kochi limevalishwa kitambaa cha kufuma, hata redio ilikuwa na cha kwake. Maua ya plastiki, mekundu ya kupitiliza. Picha ya maporomoko, ambayo ukiichomeka kwenye umeme maji yanatiririka na ndege wanalia. Umeme ukikatika, ndege mmoja alikuwa anaendelea kulia, na sikuwahi kumsikia mtu akilizungumzia hilo. Juu ya kabati la vyombo alikaa mdoli bibi harusi, ndani ya mfuko wake wa nailoni. Ukimlaza anafumba macho, ila hatukuruhusiwa kumlaza. "Mwacheni akae," bibi alikuwa anasema, "anatulindia nyumba." Nilikuwaga napita pale nimegeuza uso.

Mwaka huo mama alikuwa amelazwa hospitali, mie nikaachwa kwa bibi. Kila nikiuliza, wakubwa wananijibu anaendelea vizuri, kwa ile sauti yao. Na nilishaona kwa jirani. Mtu akifariki, kabla hata watoto hawajaambiwa, akina mama wanaingia sebuleni, wanatoa kila kitu nje, wanatandika mikeka.

Sasa mchana mmoja natoka shule, nakuta makochi yote yako uani. Vitambaa vimevuliwa. Maua yananing'inia kwenye kamba ya nguo, vichwa chini, yanachuruzika maji. Picha imeegemezwa ukutani, haijachomekwa popote, na ndege analia. Yule mdoli kalazwa kwenye mkeka, kafumba macho.

Nilikaa chini na begi langu mgongoni, nikalia hadi nikapaliwa.

Bibi akatokea na povu hadi viwikoni. "We mtoto, unalilia nini? Hebu shika beseni. Mama yako anaruhusiwa kesho, unataka aikute nyumba na vumbi?"

Na kweli mama alirudi. Akaishi, akazeeka, akavirithi vikorokoro vyote vile na kuvilinda kuliko bibi mwenyewe. Sie wanawe tulimcheka sana.

Wiki iliyopita dada alinipigia simu, akasema tu njoo nyumbani. Nimefika kwa mama, makochi yako nje. Vitambaa, maua, picha, vyote vimerundikwa uani. Mdoli kalazwa juu ya rundo, kafumba macho. Akina mama walioketi mkekani wakaniona, wakasogeana kunipisha.

Nikasimama pale na mkoba wangu begani, mtu mzima mwenye watoto, nikisubiri mmoja wao anigombeze, aniambie nishike beseni.