Waya wa Banda la Kuku

Jamani, leo radi imenitaja jina mbele ya kijiji kizima.

Imepiga shule ya mbao ya misheni mchana, watoto wameshatoka. Nguzo ya kona imepasuka toka juu hadi chini kama kuni, na mbao za ukuta tumeziokota migombani.

Watu wakasema radi hiyo imetumwa. Wakamtaja mzee Madega, kwa kuwa juzi aligombana na padri. Jumbe akaamua apelekwe bomani Morogoro, na kiboko cha Wadachi mnakijua, hakiulizi maswali.

Na mimi, na mvi zangu hizi, nikaitikia kwa kichwa.

Mzee wala hakubisha. "Kabla sijaenda tuifunge nguzo hii, paa lisije likaangukia watoto. Nani ana waya?"

Mke wangu, moyo wake mwema, akakimbia nyumbani, akarudi na waya wa mlango wa banda letu la kuku.

Mzee akautazama. Akautazama na ule wa shule, unaoshuka toka kwenye chuma cha paani, wa kupeleka radi ardhini. Uliishia dirishani, umekatwa, na hapo ndipo radi ilipoingia kwenye nguzo. Akagusanisha ncha mbili. Zikalingana.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "kuku hawajambo?"

Nimekiri yote. Mzee mwenyewe ndiye aliyeniombea msamaha kwa jumbe, kisha akanialika nikale kwake jioni.

Ninyi mlioitikia kwa kichwa pamoja nami, nani atanisindikiza?