Chui Mezani kwa Mbuzi

Mjomba wangu Casimir alikuwa mtu wa woga. Kuna wanaoogopa nyoka, kuna wanaoogopa wakwe. Yeye aliogopa kuulizwa. Mwulize jina lake tu, jasho linamtoka kana kwamba jina lenyewe ameliiba mahali. Mpaka uzeeni alikuwa anabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Darasani alikuwa wa kwanza kila mwaka, lakini kwa kuandika. Mwalimu akimsimamisha ajibu kwa mdomo, anasimama pale kama nguzo ya simu: waya zipo, sauti inapita ndani, nje husikii kitu.

Sasa ona bahati ya mtu wa namna hiyo. Miaka ile ya hamsini, hapa Élisabethville, mapadri wa collège moja, shule ya sekondari ya upande wa Wazungu, walianza kupokea watoto weusi wachache. Wachache kweli: wangekaa wote kwenye benchi moja na nafasi ya kuweka kofia ikabaki. Casimir alishinda mtihani wa kuandika. Ukabaki mtihani mwingine, na huo haukuwa na karatasi. Mapadri walimtuma mwanafunzi wa zamani wa shule yao nyingine, ile ya weusi, mtu aliyefika mbali, aende nyumbani kwa mtoto. Anaketi, anakula, anauliza anachotaka. Akirudi anamwambia padri mkuu neno moja, ndiyo au hapana. Anatazama nini hasa, hakuna aliyejua. Kwa hiyo watu waliogopa kila kitu.

Nyumba yao ilikuwa kwenye kambi ya reli. Baba yake, Léonard, alikuwa fundi wa breki: mtu wa kusimamisha gari-moshi zima, lakini juma lile alishindwa kusimamisha magoti yake mwenyewe. Na jirani yao, Mama Kapinga, hakusaidia. Habari za kambi zilikuwa zinalala kwake na kuamka kwake.

—Kule mutaa ya Kenya, huyu Monsieur wa bapadri alikatala mutoto mumoja, juu mama yake alipiga chafya mbele ya sahani.

—Chafya tu? aliuliza Marceline, mama yake Régine na Casimir.

—Chafya tu. Na mwingine, juu ya inzi.

—Inzi ya nani?

—Inzi haina ya muntu, Mama Régine. Iliingia tu. Monsieur akavaa kofia yake, akaenda.

Toka siku hiyo Marceline alifukuza inzi kama askari anayelinda benki. Samaki wakavu wa Pweto, waliokuwa wananuka vizuri nyuma ya mlango, walihamishiwa kwa Mama Kapinga. Kutoka kwake zikaja uma na visu. Kinu kikasukumwa chini ya kitanda. Ikabaki shida moja ambayo haikuweza kuingia chini ya kitanda, nayo ni kambo Madeleine, yaani bibi, mama yake Marceline.

Kambo alikuwa na desturi yake: mgeni haketi kabla ya kusema ukoo wake. Wao, kwa upande wa mama, walikuwa bena Mbushi, watu wa mbuzi. Na tangu enzi za mababu watu wa mbuzi wana utani na bena Ngo, watu wa chui, kwa sababu unayoweza kuikisia. Mbuzi akikutana na chui anamtukana, anamnyang'anya kitu, na chui hana ruhusa ya kukasirika. Anajibu kwa tusi lake, watu wanacheka, undugu unaendelea. Anayenyamaza ndiye mkosaji, amekataa undugu.

—Akimuuliza Monsieur ukoo yake, tumekwisha, alisema Léonard.

Wakampeleka kambo mtaa wa mbali, Ruashi, kwa mwanawe wa kiume, eti akapumzike. Alikubali bila neno. Hapo ndipo wangepaswa kuanza kuogopa.

Zikafuata siku za mazoezi ya kujibu «ndiyo, Bwana» kwa Kifaransa. Casimir kwenye kiti, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, baba mbele yake na mkanda wa kazini.

—Akiuliza kintu, unaanza na nini?

—Oui, Monsieur.

—Na kama haukusikia muzuri?

—Oui, Monsieur.

—Na kama anauliza nyumba inaungua? alidakia Régine, dada yake. Huyo ndiye mama yangu; ulimi huu mimi sikuuokota njiani.

—Hata hapo, alisema Léonard. Moto tutazima nyuma, akisha kwenda.

Jumapili baada ya misa, Monsieur Jeannot Musonda alifika. Karani wa ofisi kubwa ya mjini, miwani, viatu ambavyo vumbi la kambi lilikuwa limevipita kwa heshima. Kofia aliiweka kwenye kiti cha pembeni. Alitazama msalaba ukutani, akatazama meza, akatazama dari. Marceline naye akatazama dari, asije mjusi akatokea. Wali ukaletwa, kuku akaletwa.

Monsieur akamwuliza Casimir kwa Kifaransa anapenda kusoma nini.

—Oui, Monsieur.

Akauliza tena, polepole: hesabu, au historia?

—Oui, Monsieur.

Marceline alifumba macho. Léonard alikuwa anajaribu kumpa mwanawe jibu kwa nyusi, lakini nyusi za fundi wa breki hazisemi Kifaransa. Monsieur alikata kipande cha kuku, akatafuna. Uso wake haukusema kitu.

Mlango ukafunguliwa. Kambo Madeleine, vumbi mpaka magotini, amekuja kwa mguu kutoka Ruashi.

—Mugeni huyu iko wa ukoo gani?

—Mama, Monsieur iko wa bapadri, alisema Léonard.

—Bapadri habazalaka. Huyu nani alimuzala?

Monsieur Jeannot aliweka uma chini. Alitazama mlango uliobaki wazi, kisha dirisha, kama mtu anayehofia kuwa padri amesimama nje anasikiliza.

—Mama yangu ni mwina Ngo, alisema, taratibu kama anaungama.

—Ah, chui. Njo maana anakula na chuma. Meno iliisha.

Akachukua ile kofia kwenye kiti, akaivaa yeye.

—Mulikula bakubwa betu bote. Leo mutalipa na kofia.

Mama yangu anasema baba yake alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Marceline aliteleza kutoka kwenye kiti akapiga magoti, na hakujua anamwomba nani. Inzi mmoja aliingia, akatua juu ya wali, na hakuna aliyenyanyua mkono.

Monsieur Jeannot alivua miwani, akaifuta.

—Nyama ya mbuzi muzee haiivaka, alisema. Njo maana bakubwa betu bakakuacha weye.

Kambo alicheka mpaka akatafuta ukuta wa kuegemea. Wengine hawakujua kama kucheka kunaruhusiwa. Mgeni akamgeukia Casimir, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na mtu ndani.

—Na weye, kabuzi? Nikikupeleka kwa bapadri, batakukula na chumvi ao bila chumvi?

Casimir alikuwa mbuzi kama kambo wake, na majibu ya namna hiyo aliyanyonya pamoja na maziwa. Régine aliona midomo yake ikitikisika; jibu lilikuwa pale, limefika kwenye meno. Wote wakangoja. Casimir akamtazama baba yake. Akatazama mkanda kiunoni mwake. Akameza.

—Oui, Monsieur.

Kambo aliacha kucheka.

—Bwana yangu, alimwambia mjukuu wake, jibuko muntu. Anakuita nyama.

Casimir aliinamisha kichwa. Kambo akavua kofia mwenyewe, akairudisha juu ya kiti, akaingia ndani bila kuaga.

Monsieur Jeannot alimaliza wali wake. Léonard akamsindikiza mpaka njiani, huku anasema ovyo.

—Monsieur, mutoto iko na akili. Ni bwoga tu. Na ile mambo ya mama mukwe ni ya bule…

—Niliona.

—Basi ni hapana.

—Hapana nini? Ataingia. Bapadri banapenda mutoto wa vile. Mimi pia balinipenda. Monsieur Jeannot akavaa kofia. Nilitaka tu anijibu.

Léonard hakungoja aelewe. Alirudi mbio, anapiga makofi, na Mama Kapinga akatokea kuchukua uma zake pamoja na habari. Marceline alilia, akacheka, akafukuza inzi. Casimir hakuwepo.

Régine alimkuta nyuma ya choo, amechuchumaa na shati lake la Jumapili, uso ameuficha magotini.

—Unaogopa nini tena? Ulishaingia.

—Huyu aliuliza siku moja tu, alisema Casimir. Kule banaulizaka kila siku.