Nilifuata Friji Koboko, Nikakuta Theluji

Sikwenda Koboko kutembea. Nilifuata friji yangu ya mafuta ya taa. Mdogo wangu Khamis aliiazima kabla ya Ramadhani, ati ya kuwekea samaki, wiki moja tu. Idi ikaja, ikapita, na mimi pale kituo cha magari Arua nauza soda za moto kama chai, huku jirani yangu Adiru kaleta friji mpya na wateja wangu wote wamehamia kwake. Sasa wanangu wale nini? Hasira zangu?

Asubuhi nikapanda lori la chumvi, mbele kwa dereva.

"Mama nafuata nini Koboko?"

"Friji yangu. Iko kwa Khamis."

Akaangua kicheko. "Khamis wa nyumba ya teleza? Watu nasema ndani iko baridi mpaka meno nalia!"

Njiani, pale Maracha, tulisimama kupoza injini. Vumbi jekundu lilikuwa limetuingia hadi kwenye kope. Muuza ndizi naye akaniuliza kama naenda kuteleza. Astaghfirullah! Nikala ndizi zangu kwa ghadhabu.

Adhuhuri tukaingia Koboko. Khamis alinipokea amevaa koti zito la jeshi, jasho linamchuruzika. Zamani jeshi lilimpeleka nchi za baridi kwa mafunzo, akaona watu wanateleza mlimani juu ya theluji kwa raha zao. Tangu siku hiyo hajapona.

"Friji yangu iko wapi?"

"Dada, tulia. Ona kazi kwanza."

Akanipeleka kwenye banda kuukuu la kukaushia tumbaku, lenye kuta nene na mabomba ya kupitishia joto sakafuni. "Nyumba iliyozuia joto lisitoke," akasema, "si itazuia lisiingie?" Ndani yeye na wenzake walikuwa wamerundika udongo hadi karibu na dari, mteremko mkali unaoelekea mlangoni. Muda wote ule alikuwa akigandisha barafu kwenye friji yangu na kuifukia katika unga wa mbao. Siku hiyo wanawake waliitwanga kwenye vinu na kuimwaga juu ya udongo. Ilikuwa nyeupe kweli, na baridi ikaniuma vidole. Moyo ukalainika. Kidogo tu.

Ndipo nikaiona friji yangu pembeni, mdomo wazi.

"Khamis! Mlango uko wapi?"

Akaonyesha juu ya kile kilima cha udongo. "Hiyo ndiyo ya kutelezea, dada. Barafu si imeshaganda, friji ina kazi gani tena?"

Nikapanda kilima kwa mikono na magoti. Wakati huohuo Wani, aliyechochea moto wa banda lile miaka mingi, akapita na kuona kuta zinatoka maji. Kwa watu wa tumbaku, banda likilowa ndani, majani yataoza. Hakuuliza mtu. Akaenda nyuma akawasha moto, kuni tele.

Mabomba yakaanza kuunguruma. "Wani! Zima!" Khamis alipiga kelele.

"Nazima namna gani? Nyumba iko nalia maji!"

Theluji ikawa uji, uji ukawa tope. Nami, nikiogopa kunyang'anywa mlango, nikaukalia. Lo! Ukaondoka nami. Nilipita vinuni, nikapita kwa Khamis, nikatoka nje hadi uani, buibui langu limejaa tope, nikipiga yowe lililosikika sokoni.

Nikasikia mtu anacheka, kumbe ni mimi.

"Tena!" nikasema.

Mpaka alasiri Koboko nzima iliteleza kwenye tope. Wani aliteleza kuliko wote.

Kesho yake nikarudi Arua na friji yangu. Mlango umepinda, nimeufunga kwa mpira wa tairi, na soda hazipoi sawasawa. Lakini wateja wamerudi, wanataka kusikia habari ya Koboko, nami sisimulii bila mtu kununua. Hata Adiru huja, na soda yake baridi mkononi.

Nilichojifunza ni hiki: ndugu akija kuazima friji, mpe, ni damu yako. Ila mlango baki nao.