Matofali ya Ukweni

Zamani mtu alikwenda kwa wakwe zake amebeba adabu tu, akakaa ukingoni mwa kiti, akanywa maji nusu gilasi na kurudi kwake. Siku hizi anakwenda amebeba kopo la rangi na brashi, akaugeuza ua wa watu karakana.

Na aliyefanya hivyo hakuwa kijana asiyefunzwa. Alikuwa Randa, seremala mwenye mvi mpaka masikioni, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuweza kupita mbele ya mlango au meza ya mtu bila kuipitishia kiganja, kama anayeilainisha. Mkewe alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, wa kike, na huyo aliolewa katika nyumba ya mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kioo.

Jina halikutoka hewani. Sakafu ya Mama Kioo ungeweza kuinama juu yake ukanyoa ndevu. Lakini sakafu ilikuwa cha mtoto. Fahari yake hasa ilikuwa ua wa mbele: matofali mekundu ya kuchoma, yamepangwa mshazari kama ukili wa mkeka, toka getini mpaka kizingitini. Aliyasugua mwenyewe, amepiga magoti, na ole wake apitaye na kandambili zenye tope.

Katika nyumba kama hiyo ndimo alimoingia binti wa Randa, na Mungu hakumjalia mikono imara. Chupa ya chai ilimponyoka kabla hajazoea hata njia ya jikoni. Ikafuata bakuli, ikafuata taa. "Huyu mwali hata maji ya kunywa yanamkimbia," Mama Kioo alisema mbele ya wageni, na wageni wakacheka. Mume wa binti, dereva wa malori ambaye nyumbani alikuwa kama mgeni, naye akacheka. Kicheko cha mume mbele ya mama yake ni kofi lisiloacha alama.

Baadaye mzaha ukaisha. Binti alikuja kwa baba yake siku moja, akakaa juu ya rundo la maranda, akasema bila kuinua uso, "Baba, mama mkwe amesema nikimwaga kitu tena, nitafunga mizigo. Na mume wangu alikuwepo. Hakusema kitu."

Tangu siku hiyo Randa hakulala usingizi wa kushiba. Na mtu mwenye hofu hupenda kufanya jambo, lolote lile, hata la kumzidishia hofu. Akakumbuka kuwa mlango wa mbele wa wakwe umepaukia juani. Akatuma salamu: ataupaka upya, zawadi, kwa mkono wake.

"Baba, acha," binti alimsihi. "Kwa mama, ukifanya zuri anatafuta kosa. Ukifanya kosa, hana haja ya kutafuta."

"Nakuja na mikono yangu, si yako."

"Ndiyo hiyo hiyo, baba. Nimeirithi wapi?"

Randa alicheka, lakini alikwenda.

Siku yenyewe Mama Kioo alikuwa anapelekwa na mwanawe kupimwa macho. Alisimama getini, mkoba kwapani, akamtazama Randa akiung'oa mlango wa nyumba yake bawaba kwa bawaba. "Mkwe," alisema, "ua huu ndio uso wangu."

"Usiwe na shaka, mkwe. Mimi na rangi tumezeeka pamoja."

Gari likaondoka. Randa akaulaza mlango juu ya vigoda viwili virefu, akatandika magunia chini, akafungua kopo. Ilikuwa rangi ya mbao, ile nyembamba kama chai ya rangi, ambayo ubao huinywa kwanza ndipo upakwe vanishi. Upande wa kwanza ulitoka vizuri mpaka akaanza kuimba kwa mluzi. Akamwita binti yake amshikie ncha ya pili waugeuze. Na kopo? Kopo alikuwa ameliacha juu ya mlango wenyewe, pembeni, pale ambapo mwanafunzi wa useremala akiliacha hupigwa konzi.

Waliinua. Kopo likateleza taratibu, kama mtu anayeaga, likaangukia nje kidogo ya magunia.

Rangi ya ukuta hukaa juu, ukaikwangua. Hii iliundwa inywewe, na tofali la kuchoma lina kiu kuliko ubao wowote. Kabla hawajaurudisha mlango juu ya vigoda, doa lilikwisha kuwa na ukubwa wa sahani, jeusi katikati, kahawia pembeni.

"Baba, ni mimi?"

"Si wewe. Ni kopo. Ni mimi."

"Watasema ni mimi."

"Nitawaambia."

"Ukiwaambia, watasema baba anamfichia mwanawe. Utaapa kwa nini wakuamini?"

Randa alikuja kumwinua mtoto wake katika nyumba hii, na sasa kwa mkono wake mwenyewe alikuwa amemfungia mizigo.

Alichukua kitambaa. Alijua kabisa kuwa rangi iliyomwagika hubonyezwa, haisuguliwi, lakini hofu haina elimu; akasugua. Akaleta maji na sabuni, povu likatoka kahawia, doa likabaki. Akachukua chupa ya mafuta ya taa aliyooshea brashi, akamimina. Rangi ikafurahi. Ikaondoka pale ilipokuwa imekaa, ikatambaa tofali hadi tofali, na sahani ikawa sinia.

"Baba, unaipa miguu!" binti alipiga kelele, kisha akajiziba mdomo, majirani wasisikie.

Ubao Randa aliujua, tofali hakulijua. Binti ndiye aliyekumbuka la jikoni: mafuta yakimwagikia nguo, huwekwa unga ukayafyonza. Akakimbia ndani, akarudi na unga, wakaukanda kwa mafuta ya taa mpaka ukawa mzito kama uji wa kubandikia karatasi. Wakaupaka juu ya doa, wakafunika kwa mfuko wa plastiki, wakaukandamiza kwa mawe. Na kwa kweli ulifanya kazi. Randa alifunua pembe, akaona unga umegeuka kahawia na tofali limefifia kidogo. Akafunika. Akafunua tena. Dawa ya namna hiyo inataka kuachwa mpaka kesho, kisha irudiwe, na kesho hawakuwa nayo. Kila gari lililopita barabarani, aligeuka kutazama geti.

Simu ya binti ikalia. Ilikuwa sauti ya mumewe, ya furaha: "Tumemaliza mapema. Tuko njiani. Mama ana hamu na mlango wake."

"Nenda getini," Randa alimwambia binti yake. "Ukiliona gari, kohoa."

Akaanza kuukwangua ule unga kwa haraka, na ukucha wake ukazama katikati ya tofali na tofali. Hapakuwa na saruji. Palikuwa na mchanga mtupu.

Mafundi wa siku hizi humwaga saruji kila mahali, kana kwamba wanazika kitu, na ukiharibu umeharibu mpaka kiama. Wale wa zamani walilaza tofali juu ya mchanga, wakalibana kwa mwenzake, basi. Likichafuka uso huu, unaligeuza, linakupa shavu la pili. Randa alichomeka patasi, akalichokonoa moja likatoka kama jino bovu. Akaligeuza.

Upande wa chini ulikuwa wa bluu.

Alidhani macho yanamdanganya. Akang'oa la pili: bluu. La tatu, la nne. Akayapanga kila moja mahali pake, bluu juu, na picha ikajiunga yenyewe. Lilikuwa doa kubwa la rangi ya mafuta ya kizamani, limeruka huku na huku, na katikati yake pamekanyagwa: kisigino na vidole vitano, unyayo mdogo wa mwanamke peku. Bluu hiyo aliifahamu. Ndiyo iliyokuwa ikichungulia chini ya rangi mpya ya madirisha ya jikoni.

Mtu fulani alipiga magoti hapa kabla yake, akitetemeka kama yeye, akayageuza tofali baada ya tofali. Badala ya kupata nafuu, Randa aliona baridi. Alikuwa kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu bila kubisha hodi.

Binti akakohoa. Akakohoa tena, kikohozi cha mtu anayepaliwa.

Mama Kioo aliingia peke yake, mwanawe akiwa bado mbali anatafuta pa kuegesha gari, maana mtaa ulikuwa umejaa. Alikuwa amevaa miwani myeusi ya hospitali. Aliivua. Doa la kahawia hakulitazama hata mara moja. Aliyatazama yale matofali manne yaliyolala bluu juu.

"Nani alikwambia?" sauti yake ilikuwa ndogo.

"Aniambie nini, mkwe?"

"Usinichezee. Nani? Wifi yangu?"

"Hakuna mtu, mkwe. Nimemwaga rangi. Nilikuwa natafuta pa kuificha."

Mama Kioo alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya ule unyayo, kama anayemziba mtoto mdomo. "Mama wa marehemu mume wangu," alisema, "alipita juu ya hili kila siku mpaka anakufa. Hakujua." Kisha akasimama, na uso wake ukajifunga. "Yageuze tena. Doa lako juu."

"Lakini mkwe, litaonekana."

"Nimesema lako liwe juu."

Randa akayarudisha, akafagilia mchanga kwa kiganja. Binti alikuwa bado getini akimsubiri mumewe, hakuona wala kusikia. Wakaingia pamoja, na dereva akasimama ghafla.

"Eh! Nini hiki?" Akamgeukia mkewe. "Wewe tena?"

Binti alifungua mdomo. Randa naye alifungua wake. Lakini Mama Kioo aliwatangulia wote wawili, akirudisha miwani usoni. "Ni mimi. Wamenitia dawa ya macho, sikuliona kopo. Nimelipiga teke."

"Na huu unga?"

"Si wanajaribu kulitoa? Ungetaka walitazame tu?"

"Mama, hata wewe umeanza?"

"Nimeanza. Umepata la kucheka? Haya, cheka. Kisha uninyamazie."

Dereva hakucheka. Binti alimtazama mama mkwe wake kama mtu aliyemwona malaika akishuka na mkoba.

Haikuwa huruma. Wanaopenda hadithi zenye sukari wataiita huruma, lakini Randa alikuwa pale, aliuona ule mkono juu ya tofali. Mwanamke yule aliwahi tu kulifunga jambo kabla mtu wa tatu hajaanza kugeuza matofali. Alimsindikiza Randa mwenyewe mpaka getini, kwa heshima zote, na pale akamwambia, "Mlango atamalizia fundi mwingine, mkwe. Nawe usijisumbue kuja. Salamu zako zitanifikia." Aliyefukuzwa kwa matusi hurudi, aliyefukuzwa kwa adabu hana njia ya kurudi.

Juu ya doa pakawekwa chungu cha maua, na neno la kumwaga likakoma katika nyumba ile. Nani angelianzisha, na mwenye nyumba mwenyewe ana lake mlangoni? Binti akanenepa. Alikuja kwa baba yake akimsifu mama mkwe: "Baba, aliutwaa mzigo si wake! Nawe hata asante hukwenda kumpa. Mbona huji? Wanasema una kiburi."

"Kazi nyingi, mwanangu."

"Kazi gani? Hizi stuli mbili?"

Angeweza kumwambia. Siku hizi jambo kama lile lingekuwa kwenye simu za mtaa mzima kabla mchanga haujatulia. Lakini Randa alifundishwa kuwa aibu ya mkwe ni nguo yako, ukiivua umebaki uchi wewe, na alijua pia kuwa angekuwa anampa binti kisu cha kuingia nacho jikoni. Akanyamaza. Hofu yake haikuisha, ilibadilisha kiti tu: kila binti alipochelewa kuja, Randa alijiuliza kama Mama Kioo amedhani kwamba amesema. Na binti alichelewa zaidi na zaidi. Mtoto alipozaliwa alimleta mara moja, akiwa na haraka.

Mara ya mwisho Randa kuwaona, alikuwa juu ya ngazi mbele ya duka, akipigilia ubao wa kivuli, misumari ameibana midomoni kama ilivyo kawaida ya maseremala. Walitokea sokoni, upande wa pili wa barabara. Bibi alikuwa amemshika mjukuu mkono. Binti alikuwa nyuma yao na trei ya mayai, anatembea huku anaongea, hatazami juu. Mama Kioo ndiye aliyemwona. Alisimama, akamkazia macho, na Randa akatambua kuwa hakuwa akimtazama machoni. Alikuwa akiutazama mdomo wake.

Hakuweza kusalimu na misumari ile. Aliinua nyundo kidogo. Mama Kioo aliinamisha kichwa, kidogo vilevile, akamwambia binti neno, na wote watatu wakakata kona polepole kwa ajili ya mayai.