Mjomba wa Jicho Moja

Alhamisi ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, na meza ya Évariste ya chaja na makava ya simu, isiyo na paa, haikuweza kusimama kando ya barabara ya Jules, Johannesburg. Basi alibaki chumbani kwake, Malvern, akapika chai, akaweka kwenye mashine DVD aliyokuwa ameitafuta kwa miaka. Mteja mmoja alikuwa amempa kwa kubadilishana na chaja. Ilikuwa filamu ya kauboi ya Kimarekani, ile ya farasi mweupe na treni inayoungua, ambayo yeye mwenyewe aliitafsiri kwa Kiswahili si chini ya mara arobaini katika ukumbi wa video wa Mzee Salum, mjini Uvira, Kongo, miaka ya themanini.

Dakika ya kumi na mbili aliweka kikombe chini. Dakika ya ishirini alisimamisha picha, akarudisha nyuma, akasikiliza tena.

Yule mwanamke wa shambani hakuwa mchumba wa kauboi. Alikuwa dada yake. Alisema waziwazi, kwa Kiingereza ambacho hata mtoto angekielewa: kaka yangu, umerudi.

"Mama yangu weee," Évariste akasema, peke yake chumbani.

Na yule mwovu wa jicho moja, ambaye Uvira nzima ilimjua kama mjomba wa kauboi aliyekula ng'ombe walioachwa na marehemu baba kwa ajili ya mahari, hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa wakala wa kampuni ya reli, mtu wa mji mwingine kabisa, na siku ya kwanza kumwona kauboi ndiyo siku aliyomfyatulia risasi.

Ukweli ni kwamba wakati ule Évariste alikuwa hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Alikuwa na Kifaransa cha shule, Kiswahili, miaka ishirini na sauti nzuri. Kanda zilivuka mpaka kutoka Bujumbura zikiwa zimechoka, Mzee Salum akampa kipaza sauti na kigoda kando ya televisheni, akamwambia, "Watu wameshalipa. Sema." Akasema. Kila mdomo uliofunguka aliupa maneno. Akiona mtu kakasirika, alimtafutia sababu, na sababu za watu kukasirika alizozijua yeye ni mahari, mashamba na wajomba. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Kiingereza alikipata baadaye sana, hapa Johannesburg, kwa miaka kumi na mitatu ya kubishana bei na kila aina ya mtu.

Sasa kikamjia kama bili, na wiki mbaya kuliko zote. Jumamosi ya keshokutwa alikuwa ameshatangaza kwamba ataionyesha filamu hiyohiyo, "kama zamani", katika ukumbi wa Léocadie.

Léocadie alikuwa mama wa Kirundi mwenye mgahawa wa mishikaki na ndizi, mtaa mmoja nyuma ya Jules, na nyuma ya mgahawa ana ukumbi wa viti sitini. Évariste aliutaka ukumbi huo kila Jumamosi alasiri. Alikuwa amechoka kukunja meza na kukimbia kila polisi wa jiji wanapotokea kwenye robot, zile taa za barabarani. Alitaka kazi yenye paa. Lakini Léocadie si mtu wa kupewa maneno.

"Kuna mchungaji anautaka," alimwambia. "Shida yake, waumini wake wanakunywa maji tu. Wewe unaniletea nani?"

"Watu wa Uvira, Bukavu, Bujumbura, miaka arobaini kwenda juu. Wanakumbuka enzi zao, Mama. Mtu akikumbuka enzi zake anakula sana."

"Nakupa Jumamosi moja. Filamu ikiisha nitaangalia viti. Vikiwa na watu, tutaongea. Wakitoka katikati, nampa mchungaji, na usije ukanililia."

Évariste alikaa na jambo hilo hadi chai ikapoa. Watu wazima wasingemsumbua. Tatizo ni watoto wao. Hawa waliozaliwa hapa Kiswahili wanakisikia tu, lakini Kiingereza ndiyo lugha yao, na wangekuja wamekaa mapajani kwa wazazi wakisikiliza yule dada akisema kaka. Huwezi kumuuzia mtu kopi huku yeye ameshika orijino mkononi. Akaamua atasema kweli, kila neno kama lilivyo. Si kwa sababu dhamiri ilimuuma. Aliona tu ndiyo njia yenye hasara ndogo.

Jumamosi ukumbi ulijaa kabla ya saa tisa. Mstari wa mbele alikaa Marcellin, mlinzi wa jengo la ghorofa, aliyekua naye Uvira na ambaye hakukosa onyesho hata moja kwa Mzee Salum. Alikuja na mkewe Thérèse na binti yao Denise wa miaka kumi. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kukodi, sahani za mishikaki zikipita. Farasi mweupe alipotokea, watu wakapiga makofi kana kwamba ndugu yao ameshuka kwenye ndege.

Jicho Moja akaingia. Évariste akasogeza kipaza sauti.

"Huyu anasema yeye ni wakala wa kampuni ya reli."

"Wakala wa nini?" Marcellin akauliza.

"Wa reli."

"Reli gani? Huyo ni mjomba!"

"Papa Évariste, mwambie alivyokula ng'ombe!" mwanamke mmoja akadai kutoka nyuma.

"Hapa hakuna ng'ombe, mama. Wanaongelea kiwanja."

Manung'uniko yakaanza chini, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Kisha mwanamke wa shambani akatoka mlangoni, akafungua mikono, na Évariste, akijua kinachokuja, akasema haraka haraka: "Kaka yangu, umerudi."

"Kaka?" Marcellin akasema.

"Ni dada yake."

"Si mwishoni wanachumbiana?"

"Hawachumbiani. Hawakuwahi kuchumbiana."

"Mimi nilikuwepo!" Marcellin akasimama, kivuli chake kikamfunika kauboi mzima. "Mwishoni anambusu kwenye paji la uso. Wewe mwenyewe, Évariste, kwa mdomo wako huo, ulituambia ni heshima, kwa sababu ng'ombe hawajatimia! Mimi nilikaa miezi minane nikimbusu huyu Thérèse paji la uso tu, mpaka ng'ombe wa mwisho alipofika kwao! Leo unaniambia ni dada yake?"

"Kaa chini," Thérèse akasema, "unaniaibisha."

"Sikai! Miezi minane!"

"Eish, hii ni feki," mwingine akaamua. "Umeuziwa feki, kaka. Walishaibadilisha."

Neno hilo likaenea kama moto. Mstari wa nyuma watu wanne wakasimama, mmoja tayari na koti begani. Kwenye mlango wa jikoni Léocadie alikuwa amekunja mikono, macho yake yako kwenye viti.

Évariste hakuhitaji kufikiri sana. Alikwenda kwenye spika, akashusha sauti mpaka mwisho.

"Wazee wangu, mnisamehe," akasema. "Kopi hii ina kasoro kwenye sauti, mmeisikia wenyewe. Rudini mkae. Naanza upya, nawapa ile yenyewe."

Akarudisha mwanzo. Farasi mweupe akatokea tena, safari hii bila kwato kulia. Jicho Moja akaingia kimya, akafungua mdomo.

"'Mpwa wangu,'" Évariste akanguruma, kwa sauti aliyoiacha Uvira, "'ng'ombe wale niliwala kwa niaba ya ukoo!'"

"Muongo!" ukumbi ukaitikia.

"'Mjomba, ni ukoo gani huo una tumbo moja?'"

Mwenye koti akalivua, akaketi. Watu walikuwa wanazijua sentensi. Wengine waliwahi mbele yake, wakamkosoa alipokosea idadi ya ng'ombe. Denise, ambaye sasa hakuwa na Kiingereza cha kushikilia, akamvuta mama yake mkono.

"Anasema nini?"

"Sikiliza mwenyewe. Si ana mdomo?"

Mtoto akasikiliza. Treni ilipoungua alikuwa amesimama juu ya kiti, akimtukana mjomba kwa Kiswahili kibovu lakini kinachoeleweka. Na kauboi alipomwinamia yule mwanamke na kumbusu paji la uso, ukumbi mzima ulipiga kelele kwa pamoja: "Bado mmoja!" Marcellin akamgeukia Thérèse, akambusu palepale, na Thérèse akampiga kofi la bega bila kuacha kucheka.

Évariste alipogeuka kutazama mlango wa jikoni, Léocadie hakuwepo. Alikuwa ameketi mstari wa tatu, leso mkononi, na moshi unatoka jikoni.

"Mama, mishikaki inaungua."

"Iache iungue. Jumamosi ni zako mpaka Desemba. Mchungaji nitampa Jumatano. Umeme unalipa wewe."

"Mama, umeangalia filamu nzima bila kiingilio."

Léocadie akamtazama kama anayepima nyama. "Umeme nusu kwa nusu," akasema, akainuka kwenda kuzima jiko.

Jumapili iliyofuata Évariste alikwenda Randburg, kwenye soko la vitu vya mtumba, ambako mzungu mmoja mzee alikuwa akiuza masanduku ya filamu za Kimarekani za zamani: ngumi za uzito wa juu, wanamuziki wenye nywele kubwa, vipindi vya familia zinazocheka sebuleni. Évariste alizipekua taratibu, kama mtu asiye na shida.

"Nisikudanganye," mzee akasema, akitenga rundo pembeni. "Hizi picha yake ni safi, lakini sauti imekufa."

Évariste akalitazama rundo lile kwa uso wa msibani.

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa."

"Eish, mzee. Sasa mimi nitaelewaje wanachosema?"

Mzee akaona haya, akashusha bei. Évariste akashusha pumzi ndefu, akaanza kuondoka, akaitwa, bei ikashuka tena. Alinunua zote kumi na moja. Ya juu kabisa ilikuwa pambano la ngumi, raundi kumi na tano, na kabla hajafika Malvern alikuwa ameshajua refa ni shemeji wa nani.