Mikono Mitatu ya Polishi

Mama Mkubwa, dada yake mama yangu mzazi, aliambiwa aondoe mikeka. Basi. Mjomba alipiga simu Jumatatu kutoka hospitali, akasema mtaalamu wa mazoezi ameagiza kwamba Babu akirudi asikute mkeka wala zulia sebuleni, maana mguu unaweza kunasa. Walikuwa wamemtia chuma kwenye nyonga. Angeruhusiwa Alhamisi, akitembelea kile kifaa cha kushikilia chenye miguu minne. Akianguka tena, alisema Mjomba, hawataweza kumtengeneza. Atakuwa wa kulazwa na kugeuzwa mpaka Mungu amchukue.

"Nimesikia," Mama Mkubwa akajibu. "Mikeka inatoka leo leo."

Ikatoka kweli. Shida ikaanza hapo, kwa sababu chini ya mikeka kulikuwa na sakafu nyingine. Sebule yetu ni ya saruji nyekundu. Palipokanyagwa miaka yote pamepauka kama tofali la zamani, na palipofunikwa pamebaki na wekundu mzito. Sasa yalionekana mapande manne makubwa, utafikiri shati limetiwa viraka vya kitambaa kingine. Mama Mkubwa alishika kiuno akayatazama muda mrefu.

"Baba yangu aje apokewe na viraka," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Mtu asiyemjua angesema, viraka vya sakafu vinamuumiza nani? Lakini yeye alianza kufagia kwa mshahara akiwa na umri kama wangu, kwanza korido za ofisi moja ya serikali, kisha zahanati, kisha shule kwa miaka ishirini na saba. Magoti yake yana sugu mbili nyeusi, ngumu kama visigino. Majirani wanamwita Mama Kioo, wanasema ukiingia kwake unaweza kufunga kilemba kwa kujitazama chini. Yeye husema acheni utani, lakini siku akiitwa hivyo mbele ya wageni hutembea wima zaidi.

Mimi shule niliacha mapema, kwa hiyo mengi ninayojua nimeyaona mikononi mwake. Hapendi dasta ya manyoya. Anasema ile kazi yake ni kulihamisha vumbi, linatoka kabatini linakwenda kukaa kwenye redio. "Vumbi halifukuzwi, linakamatwa." Anatumia fulana ya pamba iliyochakaa, kaikunja mara tatu ikapata pande nane ndogo, kainyunyizia maji kidogo sana, na kila upande ukijaa anageuza mwingine. Feni ya darini anaivisha foronya, panga moja moja, halafu anaivuta foronya taratibu ili uchafu ubaki ndani yake usimwagike kitandani. Uvungu anaufuta kwa mpini wa fagio uliovishwa soksi. Kabla ya kufagia anachana gazeti, analilowesha, analikamua, analitawanya, ndipo anapitisha ufagio, na vumbi badala ya kuruka linagandamana na karatasi. Yote hayo anayafanya akianzia juu kushuka chini. Ukianza na sakafu, anasema, umejitafutia kazi mara mbili.

Hivyo Jumanne akapaka polishi nyekundu mkono wa kwanza, sebule yote. Viraka vikapungua lakini bado vilionekana ukiinama. Jumatano asubuhi mkono wa pili, jioni wa tatu. Alhamisi tukavaa soksi za sufu miguuni tukaisugua kwa kuteleza huku na huku mpaka dirisha likaonekana lote chini, na pazia lake.

"Umeona?" akaniambia. "Hapo sasa pana adabu."

Niliona. Niliona pia paka akiruka kutoka dirishani. Alitua, miguu minne ikaenda pande nne, akafika mlangoni kwa tumbo. Mama Mkubwa alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilicheka kidogo halafu nikanyamaza, maana nilianza kufikiria miguu minne mingine.

Sasa, kumwambia Mama Mkubwa sakafu yake ina kasoro ni kujipalia makaa. Hata Mjomba, mtu mzima mwenye mvi, hajawahi. Nilimaliza kufuta fremu za picha. Nikafuta na ambazo nilikwisha kuzifuta. Kila nikifungua mdomo nasikia akiimba polepole, namna anavyoimba kazi ikiwa imemkubali, nami nafunga. Mwishowe nilikwenda jikoni nikaleta kile kigoda cha chuma chenye mipira miguuni. Niliona mipira yake ni sawa na ile ya kifaa cha Babu, niliyoiona tulipokwenda kumtazama wodini. Nikakiweka katikati ya sebule, nikakisukuma kwa kidole kimoja.

Kigoda kilikwenda. Kilikwenda chenyewe, bila kelele, mpaka kikagonga ukuta wa mbele.

Wimbo ukakatika.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Kikagonga ukuta tena.

Alivua soksi, akapiga hatua mbili peku, akaegemeza uzito kwenye kigoda kama mzee anavyoegemea, kikamponyoka akadaka meza. Uso wake sijui niusemeje. Aliniangalia mimi, akaangalia chini. Palepale simu ikalia.

"Dada, tumeshatoka," ilikuwa sauti ya Mjomba. "Gari limepatikana mapema. Nusu saa, barabara ikituhurumia hata dakika ishirini. Mzee anaimba huku, hashikiki. Mikeka umetoa?"

"Nimetoa."

"Safi. Basi hakuna tatizo."

Mama Mkubwa alikata simu, akaiweka mezani kifudifudi.

"Maji ya moto," akaniambia. "Yale ya chai ya Baba, lete yote."

Tukamwaga sabuni ya unga na maji ya moto kando ya mlango, tukasugua kwa brashi. Polishi ikalainika, ikageuka uji mwekundu, na pale tulipopiga brashi pakawa pabaya kuliko mwanzo. Mimi mwenyewe niliteleza nikakaa kitako kwenye maji. Mama Mkubwa hakucheka, wala hakuuliza nimeumia wapi.

"Maji peke yake hayaiwezi, ni mikono mitatu hii," alisema, kama anamsomea mtu mwingine. "Mafuta ya taa. Zima jiko. Zima kabisa, ulimwagie na maji. Fungua madirisha yote. Halafu kimbia kwa fundi, mwambie nataka unga wa mbao mkavu, gunia zima."

Fundi seremala karakana yake imepakana na ukuta wetu. Nilimkuta akipiga randa, na kwa kuwa mimi si msemaji ilibidi anikodolee macho kwanza.

"Unga wa mbao? Mama Kioo anataka unga wa mbao ndani ya nyumba ile?" akasema. "Jana nilipiga chafya barabarani akanitazama vibaya. Leo nimletee gunia?"

"Babu yuko njiani," nikasema. "Sakafu inateleza."

Akaweka randa chini. Hakunipa gunia, alilibeba mwenyewe, na alipofika mlangoni akaona mwanamke yule yuko chini kwa magoti na kitambaa cha mafuta ya taa, alilitua taratibu akaondoka bila utani wake.

Sebule nzima isingewezekana. Mama Mkubwa aliliona hilo kabla yangu. Alipima mlango wa chumba cha Babu kwa mkono, akaongeza shubiri upande huu na shubiri upande ule, akachora kwa chaki mistari miwili kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa chumbani. Hatua kumi na mbili. "Hii ndiyo njia yake," akasema. "Nje ya hapa asikanyage. Wewe sugua nyuma yangu. Na usizungushe mkono, ukizungusha unaisambaza tu. Nyoosha, vuta kwako, geuza kitambaa."

Yeye alitangulia na mafuta ya taa, akilainisha. Mimi nilifuata na mwiko wa mbao, nikikwangua ute ule na kuuzoa kwa gazeti. Kisha unga wa mbao, tukaumwaga kama mtu anayepanda mbegu, tukaukanyaga kwa miguu ili unywe mafuta. Tukaufagia ukatoka mwekundu. Tukamwaga mwingine, ukatoka wa waridi. Halafu sabuni, halafu kitambaa cha maji safi, halafu mataulo makuukuu tuliyoyasimamia na kuyaburuta kwa nyayo, kwa sababu sakafu yenye majimaji nayo ni adui yule yule. Harufu ilitukaba. Jasho lilimtoka Mama Mkubwa kidevuni likadondokea pale pale alipofuta, akalifuta nalo. Kila baada ya hatua tatu alikuwa akisema neno moja tu, "Kigoda," nami nakisukuma. Hatua tatu za kwanza, kikakwama. Sita, kikakwama. Tisa, kikaserereka nusu hatua, tukarudia.

Nyuma yetu njia ilibaki imepauka, kijivu chenye wekundu wa mbali, mikwaruzo ya brashi juu yake. Sijawahi kuona kitu kibaya namna ile katika nyumba hii. Nadhani naye alijua ilivyo, ila hakugeuka hata mara moja.

Hatua ya kumi na moja, honi ikalia nje.

"Maliza," akaninong'oneza. "Usitazame mlango. Maliza."

Nilimaliza nikiwa nasikia mlango wa gari, sauti ya Mjomba ikisema taratibu Baba, taratibu, na mipira ile ikigonga saruji ya uani, tap, halafu kimya, halafu tap. Mama Mkubwa alikimbiza kigoda mpaka mlango wa chumbani, kikakwama. Akasimama. Kanga yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni.

Babu alijitokeza mlangoni amekonda, shati linamcheza. Alisimama akanusa.

"Mmehamia kituo cha mafuta?"

"Shikamoo, Baba. Karibu nyumbani. Pita, pita moja kwa moja hapa."

"Marahaba." Aliangalia chini. "Nani ameiharibu sakafu ya watu hivi?"

Mjomba alimshika shati kwa nyuma, Babu akaingiza kifaa, tap, akavuta mguu. Hatua moja. Mbili. Nilikuwa nimesimama ukutani nikihesabu bila sauti. Nne. Tano. Mipira ilishika vizuri, hata ililia kidogo. Mama Mkubwa alikuwa anarudi kinyumenyume mbele yake, mikono imefunguka kama anayemfundisha mtoto kutembea.

Hatua ya saba Babu akasimama, akageuza shingo kuelekea dirishani. Kiti chake cha miti kilikuwa pale, kwenye upande unaong'aa.

"Twende chumbani, Baba," Mjomba akasema. "Kitanda kimetandikwa."

"Wiki sita nimelala. Kitanda nimekichoka. Nataka kiti changu."

"Utakaa baadaye."

"Baadaye ya nani? Hii ni nyumba yangu."

Na kabla hatujajua atafanya nini, akanyanyua kifaa akakisogeza kushoto. Mguu mmoja wa mbele ulitua nje ya mstari wa chaki. Ulikwenda. Niliuona ukienda kama kile kigoda, upana wa kiganja, na bega la Babu likaufuata. Mjomba akavuta shati, vifungo viwili vikaruka. Mama Mkubwa alianguka kwa magoti, akaudaka mguu wa kifaa kwa mikono miwili akaukumbatia kifuani.

"Baba, simama. Usiutikise mwili. Simama hivyo hivyo."

Babu alisimama. Wote tulisikia anavyohema.

"Kunateleza," akasema Mama Mkubwa, uso wake ukiwa karibu na sakafu. "Nimepaka mimi. Mikono mitatu. Niliambiwa nitoe mikeka, nikatoa, nikaona viraka, nikashindwa kuviacha."

"Dada," Mjomba akaanza, "si walisema kabisa kwamba..."

"Najua walichosema. Nami nakuambia nilichofanya. Nimetoa mikeka nikaweka mtego."

Sikuwahi kumsikia Mama Mkubwa akisema maneno ya namna hiyo juu ya kazi ya mikono yake, na nafikiri Mjomba pia hakuwahi. Mama Mkubwa alikuwa bado ameshika mguu ule wa chuma. Akaurudisha ndani ya mstari polepole, kidogo kidogo, akaukandamiza chini mpaka akaona umekaa.

Babu alimtazama utosini.

"Tangu mdogo hukupenda doa," akasema. "Mama yako alikuwa anakufichia nguo ukicheza, usizifue." Akavuta pumzi. "Basi mimi siendi kwa kiti. Kiti kije kwangu."

Nilikileta, nikikanyaga kwa vidole. Tulikiweka katikati ya ile njia, Mjomba akamshusha, Babu akakaa, akanyoosha mguu mbaya mbele yake. Alikuwa ameziba njia nzima. Wa jikoni hapiti, wa chumbani hapiti.

"Hapa nimefika," akasema. "Haya. Huko kwingine mnaanza lini?"

"Leo," Mama Mkubwa akajibu. "Ila bila mafuta ya taa, yatakukohoza. Maji ya moto tu. Itachukua siku."

"Mimi nina haraka ya kwenda wapi?"

Mama Mkubwa hakuinuka pale alipopiga magoti. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nami nikamwekea kitambaa. Tulimaliza Jumapili.